Hadithi ya Saa Sita Mchana

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na ziwa la Lac Vert, hadithi ilikuwa kitu cha jioni. Mchana, hapana. Koko, mama wa baba yangu, alisema mtoto anayesikiliza hadithi jua likiwaka, mama yake atakufa. Hatukucheka. Kila mtoto alikuwa na mama mmoja tu.

Halafu jirani yetu, Papa Kasereka, akanunua radio. Ee, ile radio! Aliifunika kitenge kipya, bibi yake akabaki na kilichopasuka. Majirani walimsema, na mimi nilimsema zaidi yao. Saa sita mchana sauti ya mzee mmoja ilianza mle ndani: sungura na fisi. Watoto wengine walikimbia wakiziba masikio. Mimi nilijibanza nyuma ya lupango, ule ua wake wa miti. Television ya wajukuu wangu inakuonyesha fisi mpaka meno. Ile sauti iliniachia nimtengeneze mwenyewe, na fisi wangu alikuwa na uso wa Papa Kasereka.

Siku moja fisi ametumbukia shimoni, sungura yuko juu anamcheka, kilio kikapanda kutoka bondeni. Mama alikuwa ameshuka kumtoa mbuzi wetu aliyepotea. Mazuku, ile hewa mbaya inayolala mashimoni kwetu, iliwaua wote wawili.

Sikumwambia mtu. Kwenye matanga nililia mpaka wageni wakasema, mtoto huyu alimpenda mama yake. Walijua nini? Nililia kwa sababu nilimuua.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunachambua maharagwe, Koko na mimi. Bila kuinua macho akaniuliza:

— Yule fisi, alitoka mule shimoni?

Maharagwe yakanimwagika.

— Koko, ulikuwa wapi?

— Upande ingine ya lupango. Unafikiri masikio yangu imezeeka?

— Sijui kama alitoka. Nilikimbia.

— Na mimi nilikimbia. Okota maharagwe, mutoto wangu.

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Miaka mingi nilidhani aliniuliza kwa udaku tu, maana huo niliurithi kwake. Sasa nina umri wake, naona vingine. Angeweza kwenda kaburini na siri yake, akaniacha niamini kwamba ni mimi peke yangu.

Waliosoma wanasema mazuku ni hewa ya volkeno, haina masikio. Nakubali. Wajukuu wanaangalia television toka asubuhi, sahani magotini, na mama yao, binti yangu, ni mzima. Lakini saa sita, kabla ya kuwasha radio yangu ndogo, ninampigia simu huko Kanyaruchinya anakouza makaa.

— Mama, kuna nini?

— Hakuna kitu. Umekula? Yule jirani yako amerudia bwana yake?

Anacheka. Nikishasikia kile kicheko, nawasha.