Sala Mbele ya Sumaku

Binti mmoja wa kwaya yetu, mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja hapa Mwanza, alituomba wazee wa kanisa tukaiombee mashine yake mpya. Tulienda wawili, mimi na mzee mwenzangu wa Butimba. Kwetu ni kawaida: mtu akipata nyumba au mtumbwi, huombewa kwanza ndipo hutumika.

Mlangoni alituamkia, kisha akasema, "Wazee wangu, humu ndani kuna sumaku kubwa sana. Naomba tuache kila kitu cha chuma hapa mezani."

Nikatoa funguo, saa, simu, hata miwani yangu ya fremu ya chuma. Mwenzangu akashika kiuno.

"Na mkanda? Suruali ikidondoka katikati ya Baba Yetu, mwanangu, utaiokota wewe?"

Binti akacheka hadi akaegemea mlango.

Ndani palikuwa na pipa refu linalong'aa, limesimama kimya, limezungushiwa kamba. Akatuonyesha kipande cheusi, chembamba kama ukucha uliokatwa. Alisema ni semikondakta, jamii ya kitu kinachofanya kazi ndani ya simu na sola. Viini vya atomi zake, vikiwa ndani ya sumaku, huitikia mawimbi ya redio, na jibu lavyo hueleza jinsi elektroni zinavyoishi mle. Tabu ni kwamba jibu lenyewe ni hafifu mno. Kwa hiyo kwanza hukimulika kipande kwa leza: mwanga huzipanga elektroni, nazo huvipanga viini, ndipo sauti yavyo husikika juu ya kelele.

"Na umeme ukikatika?" nikauliza.

"Sumaku hii haizimwi kwa swichi, baba. Iko hivyo usiku na mchana."

Akafungua kamba ili tuweke mikono juu ya pipa. Ukutani palikuwa na bango la onyo. Bila miwani niliona doa jekundu tu.

Nikasogea, mkono mbele, macho nimefumba, nikaanza kuomba. Moyo ukaanza kugonga kwa namna nisiyoizoea, kishindo kizito baada ya kingine. Nikajua Bwana yu karibu. Nikasogea tena, nikashukuru kama ninavyoshukuru kila siku, kwa pumzi, kwa watoto, "na kwa madaktari waliokiweka kile kifaa kifuani pangu, kinachouendesha moyo wangu..."

"Baba, simama!"

Kwetu hakuna anayemkatiza mzee kwenye sala. Nilipofumbua macho, binti alikuwa amenishika shati kwa mikono miwili.

"Rudi nyuma. Usiseme kitu, rudi tu."

Alinivuta polepole hadi nje, na kadiri nilivyojitenga na pipa ndivyo moyo ulivyorudi kwenye mwendo wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni sumaku iliyokuwa inakivuruga kile kifaa. Nikakaa sakafuni.

"Baba, una betri ya moyo? Mbona hukusema?" Alikuwa analia.

"Uliuliza chuma, mwanangu. Hiki nilishakihesabu kuwa ni mwili wangu."

Hospitali walikipima wakakikuta kizima, namshukuru Mungu. Mwenzangu ndiye aliyeimalizia ile sala, mimi nikiwa nje ya mlango.

Lakini tangu siku ile, moyo ukinigonga katikati ya maombi, nafumbua macho kwanza nitazame nimesimama wapi. Nimemwomba Mungu aniondolee hofu hii. Bado namngoja.