Mshono wa Cherehani

Jina lake halisi lilibaki mlangoni mwa ofisi. Hospitali nzima ilimwita Cherehani, na daktari mwenyewe alilipenda jina hilo kupita kiasi. Mtoto akishatolewa tumboni, wewe kohoa tu. Ukigeuka, mfuko wa uzazi umeshafungwa. Mstari mmoja wa uzi, umekazwa kwelikweli, basi! Wenzake walishona mara mbili, tabaka juu ya tabaka, naye akiwacheka.

"Mnashona kizazi au mnadarizi mto?"

"Wewe kimbia tu," daktari mwenzake wa siku nyingi alimwambia. "Mshono wako unakata damu, sawa. Lakini kovu lenyewe litakuwa jembamba. Siku mama akirudi na uchungu je?"

"Wivu huo, ndugu yangu!"

Vijana aliowafundisha walimwiga hadi anavyokunja kiganja. Kipenzi chake walimbandika jina la Bobini, kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa kuwa hakubanduka kwa Cherehani. Bobini ndiye aliyempasua binti yake Cherehani kwenye uzazi wa kwanza, maana baba hakuthubutu kumpasua mwanawe. Alitoka anachekelea. "Nimemshona kwa mtindo wako, Mwalimu." Basi Cherehani akavimba kichwa, akaringa wiki nzima.

Mimba ya pili, binti akataka kusukuma mwenyewe. Yule daktari mwenzake Cherehani alisihi apasuliwe kabla uchungu haujaanza. Cherehani hakutaka hata kusikia.

"Mshono wetu haufumuki," alisema. Akamgeukia binti. "Sukuma, mwanangu. Baba yako nipo."

Uchungu ulikolea asubuhi, halafu ukakatika ghafla. Binti akapiga yowe moja, akaanza kuwa wa baridi, na mapigo ya moyo wa mtoto yakapotea. Wakamkimbiza kwenye chumba cha upasuaji. Bobini akafungua, Cherehani akiwa amejibanza ukutani. Kovu la zamani lilikuwa limeachia ncha hadi ncha. Mtoto alikuwa nje ya mfuko, amelala katikati ya damu, hapumui. Kizazi chenyewe kilichanika vibaya, hakishoneki tena. Wakakitoa ili mama abaki hai.

Alipozinduka, binti aliuliza, "Baba, mtoto wangu yuko wapi?"

Akamwambia.

"Nitapata mwingine, si ndiyo?"

"Hapana, mwanangu."

Binti akageuzia uso ukutani. Wala hakulia, na hilo ndilo lililomuua baba kabisa.

Koridoni alimkuta Bobini amechuchumaa, macho mekundu. "Mwalimu, niambie ukweli. Nilimshona vibaya?"

Cherehani alitamani, wallahi alitamani kwa roho yake yote, kumjibu ndiyo.

"Hapana," akasema. "Ulishona vilevile kama mimi."

Pale pale mbele yao mabenchi ya kliniki yalikuwa yamejaa wajawazito. Mmoja alimwona, akampungia mkono huku anacheka. "Daktari Cherehani! Nimerudi!"