Msiba Alioubeba Tomasi Machoni

Mdogo wangu Tomasi anakodisha maturubai na viti hapa Kilakala. Kipaimara, harusi, msiba, anafunga yeye. Ana viti mia mbili vya plastiki na anakijua kila kilichopasuka.

Mwaka jana moyo ulimlemea. Sababu ni nyingi, sitazimaliza. Akaanza kujiwa na picha. Anaona uwanja wake mwenyewe, turubai limefungwa, watu wamekaa, mkewe Margareth yuko kwenye mkeka analia. Msiba ni wake yeye. Na ni kama picha inamwambia: kila kitu tayari, umebaki wewe tu.

"Tena wamelifunga vibaya, dada," akaniambia. "Upande mmoja limelegea."

Nikamshukuru Mungu kwamba amesema. Tukasali, halafu nikampeleka hospitali, maana wauguzi nao akili wamepewa na Mungu huyohuyo.

Muuguzi, Rehani, alimwuliza wazi: "Unafikiria kujiua?"

Mimi nilishtuka. Tomasi akajibu "Ndiyo" kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai. Kumbe swali hilo huulizwa hivyohivyo. Rehani akatuambia asiachwe peke yake, akampa namba yake ya simu. Kisha akaeleza: Tomasi ataishika ile picha akilini huku macho yanafuata vidole, kushoto na kulia. Kidogo kidogo picha hupungua nguvu.

"Ilete sasa, kaka Tomasi. Sifuri mpaka kumi, inakusumbua kiasi gani?"

"Viti mia mbili."

Rehani akaandika kumi.

Akanyanyua vidole viwili. Tomasi akafumba macho. Sisi kikitajwa kifo tunafumba, tunaomba.

"Fumbua. Ukifumba utavionaje?"

Akafumbua, akavifuata kwa kichwa kizima kama anaangalia mpira.

"Kichwa kitulie. Macho tu."

Nyuma yao na mimi nilikuwa navifuata. Nikashikwa kizunguzungu, nikajishika ukutani.

"Mama, wewe ndiyo ufumbe," Rehani akasema.

Nikafumba, nikaendelea na rozari.

Tulikwenda kila Jumanne. Wiki ya tatu akasema viti themanini, na uso wa Margareth hauonekani vizuri. Wiki ya sita, thelathini. Lakini kazini alikuwa hajarudi. Aliogopa kwamba siku atakayofunga turubai la msiba kwa mikono yake, picha itarudi yote na kumshinda.

Jumamosi moja wakamwita Mkuyuni, amefariki mzee. Akasema anakwenda. Mimi na Margareth tukapanda naye kwenye gari la viti.

Akafunga kamba zote. Ya mwisho alipoikaza akasimama chini ya turubai, anatazama mkeka wa wafiwa. Margareth akamshika mkono. Tomasi akatoa simu, akampigia Rehani kama walivyokubaliana, akaweka spika.

"Imekuja, sista."

"Inasemaje?"

"Haisemi. Imekaa tu huko nyuma."

"Uko na nani?"

"Mke wangu. Na dada, anasali."

"Na wewe, kaka Tomasi, unataka nini sasa hivi?"

Akaigusa ile kamba ya mwisho.

"Nataka Jumanne nije mchana. Asubuhi narudi huku kufungua turubai."