Picha Nne Nilizozifuta Mbalibali

Shamba la mahindi la mama liko Mbalibali, upande ambao tembo wakitoka hifadhini hulifikia kwanza. Mwaka jana walikula nusu yake. Niliporudi na shahada yangu nikafunga kamera karibu na lambo, ili tembo wakitokea simu ya mama ilie, naye awahi kupiga madebe.

Mashine yenyewe haifikiri. Inatunza picha za zamani zenye majina. Ikija mpya, inatafuta tatu zinazofanana nayo zaidi na kufuata jina la walio wengi. Kuandika majina nilimwachia baba, mfugaji mwenye macho. Kila mnyama aandike "mharibifu" au "si mharibifu". Tembo aliwaandika sawasawa. Ng'ombe wetu, ambao ndio wengi, akawaandika "si mharibifu". Ng'ombe wa jirani akawaandika waharibifu, wote.

"Baba, huyu si ng'ombe?"

"Ni ng'ombe. Alikula mtama wangu. Umeniuliza mharibifu, nimekujibu."

Simu ikawa inalia mchana kutwa, hadi mama akaizoea.

Kumsahihisha mzee mbele ya watu ni utovu wa adabu. Kwa siri pia, ila kwa siri hakuna anayejua. Nikatumia njia ya kitaalamu: kila picha inasimamishwa kama kwenye ritongo, kikao chetu cha wazee, na jirani zake watatu, yaani picha tatu zinazofanana nayo zaidi, wakilikataa jina lake, inatolewa. Ng'ombe wa jirani wakatoka. Nilijiona bingwa, hata orodha ya zilizofutwa sikuimaliza kuisoma.

Humo mlikuwa na picha nne za tembo waliopita jioni katikati ya ng'ombe, wamejaa vumbi. Jirani zao wote kwenye kompyuta walikuwa ng'ombe wetu, wenye jina "si mharibifu".

Jumamosi jua likizama, mama alikuwa anasonga ugali. Tembo wakapita lambo nyuma ya mifugo, ndani ya vumbi lilelile, wakaingia shambani. Simu ilikaa kimya. Madebe yalipopigwa walikuwa wameshashiba.

Asubuhi nilimkuta mama kwenye mabua yaliyolala. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Nilikuwa naona aibu, tena aibu kubwa.

"Baba hakukosea hizo nne," nikasema. "Nilizifuta mimi, kwa sababu jirani zao walizikataa."

Mama hakupandisha sauti.

"Jirani wa tembo ni mimi," akasema. "Mbona mimi hukuniuliza?"

Kisha akainama kuokota mahindi mabichi yaliyokanyagwa, ya kuchemsha mchana.