Herufi za Miguu Mipana za Gervas Mughwai

Gervas Mughwai wa Itigi aliporwa alfabeti yake mchana kweupe, na aliyempora alimshukuru kwa ukarimu.

Kwa miaka ishirini na mitatu aliandika ndoo za asali za kikundi cha wafuga nyuki. Asali hiyo iliuzwa stesheni kwa abiria, na treni haikai sana pale. Abiria aliye dirishani sharti asome kabla behewa halijasogea. Kwa hiyo Gervas alijibunia herufi nene kama kidole gumba, kila nguzo ikisimama juu ya mguu bapa wenye pembe za mraba, imara kama kigoda. Mistari myembamba aliikataa, maana jua na vumbi huanza na hiyo. Na aliyetaka kadi ya harusi kwa mwandiko huo alirudishwa.

"Hizi ni za kumwita mtu aliye mbali," alimwambia. "Kwenye kadi zitamfokea mgeni wako."

Mwaka 2022 alikuja kijana wa kampuni moja ya uchapaji ya mjini. Alipiga picha, kisha akamwomba alfabeti nzima kwenye karatasi, hata Q na X, ambazo hakuna ndoo iliyowahi kuzihitaji. Gervas alizitunga papo hapo, kwa fahari. Mwishoni akaletewa karatasi ya kutia saini. Itigi hakuna semina isiyo na karatasi ya mahudhurio. Mtu husaini kama anavyonawa mikono kabla ya kula. Akasaini.

Miaka miwili baadaye Rahel, katibu wa kikundi, alimkuta uani akikoroga rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Leo ndoo ngapi?"

"Hakuna ndoo, mjomba. Ile kampuni imetuandikia barua. Herufi hizi eti ni mali yao, zimo kwenye kompyuta na jina zimepewa. Tukiendelea kuzitumia, tukutane mahakamani."

Dorika, mkewe, aliacha kupepeta mtama. "Na mkono uliozichora nao ni wao? Waje wauchukue basi, na ugali wauonjeshe wao!"

Rahel alicheka, kisha akaona haya. "Wameambatisha saini yake, shangazi. Amewaachia zote."

"Nilisaini mahudhurio," alisema Gervas.

"Najua, mjomba. Nani atawaambia wakaelewa?"

Gervas alibeba ndoo ya zamani, aliyoiandika miaka mingi kabla ya mgeni yule, akaenda nayo ofisi ya kata. Afisa aliigeuzageuza, akaisifu, kisha akamwomba cheti cha usajili. Hakuwa nacho. Aliporudi nyumbani alijaribu kuandika herufi nyingine, nyembamba, zisizo na miguu. Mkono ulimkatalia: kila nguzo ilipofika chini brashi ililala kando yenyewe, na mguu ukaota.

Kikundi kiliogopa kesi, na tarehe 14 Julai 2025 kilipokea shehena ya kwanza ya lebo zilizochapwa na kampuni hiyo, kwa herufi zile zile. Tangu siku hiyo Gervas hajaandika ndoo hata moja.