Usimwamshe Jivu

Nilipokuwa mtoto, kabla hata sijaota meno ya pili, nilijua kwamba paka aliyelala mapajani mwa mtu haamshwi. Ukimwamsha, alisema Bibi, anaondoka na heri ya nyumba. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kwenye vilima vya juu ya Mbalizi, mambo mengi yalisubiri. Maharage yaliungua, wageni walijikaribisha wenyewe, nami nililia njaa, Bibi ameketi tu, kwa sababu Jivu alikuwa amelala. Jina hilo alilipata kwa rangi yake na kwa kupenda kwake kulala jikoni penye majivu ya moto, maana baridi ya kule si ya mchezo.

Wazazi wangu walikuwa Iringa, baba akiwa karani, na mimi niliachwa kwa Bibi awe na mtu wa kumtuma. Ilikuwa miaka ya sabini, nchi nzima inasomeshwa, na wazee wetu nao wakaingia kisomo cha watu wazima. Walisomea alasiri, wakitoka shambani, kwenye mikeka kando ya ukuta wa kanisa. Bibi alikuwa na shauku moja: asome somo la Jumapili mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa amesikia wanaume wakisoma.

"Nataka nijue kama hawaruki mistari," aliniambia.

Jivu alimfuata darasani kila siku. Bibi aliegemeza mgongo ukutani, paka akajikunja mapajani, na basi, Bibi hakusogea tena. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja kwa watu wawili, na chao alikabidhiwa mwenzake, Mama Sekela, jirani yetu mwenye maneno mengi na moyo mzuri, ingawa si siku zote. Mama Sekela aliwaogopa paka. Hakuthubutu kuketi ubavuni mwa Bibi, akaketi mbele yake, wakatazamana, kitabu kikiwa chini katikati yao. Ubao ulikuwa mbali, macho ya Bibi hayakuufikia. Kuandika aliandikia kijiti vumbini, na mwalimu, kijana aliyemaliza darasa la saba, alikuja kusimama mbele yake, akatazama, akasema vizuri sana, Bibi.

Bibi alishika haraka kuliko wote, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu paka aliyemganda mtu hakuaminiwa. Ilisemekana ametumwa, na kwamba aliye naye huazima macho yake. Jivu naye alikuwa mkoromaji, anavuma kama mashine ya kusaga, na kila Bibi aliposoma yeye alivuma. Mama Sekela ndiye aliyelitoa neno kisimani, nikiwa nimesimama pale na ndoo yangu.

"Yule hasomi," alisema. "Anasomewa."

Neno likafika kwa mzee wa kanisa. Akaja nyumbani, akakataa kuketi.

"Mama, Jumapili utasoma. Lakini paka abaki nyumbani. Ukishindwa, tutajua msomaji ni nani, na vijana watamtia kwenye gunia wamtupe mtoni."

Bibi alimkuna Jivu sikioni. "Ndaga, baba," alisema, ndiyo asante ya kwetu. "Atabaki."

Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimpenda yule paka, na nilimwogopa yule mzee.

Jumapili tulimfungia Jivu jikoni. Bibi alipoitwa mbele na kupewa kitabu, alikitazama kidogo, kisha akakigeuza juu chini. Nilikuwa sijui kusoma, lakini msalaba wa jaladani niliujua, na ulikuwa umepinduka. Halafu akaanza kusoma. Alisoma polepole, sawasawa, bila kukwama, na kadiri alivyosoma vizuri ndivyo kanisa lilivyozidi kunong'ona, maana kila mtu alijua kwamba mchawi hufanya mambo yake kinyume. Vijana wawili walitoka nje. Nikajua wanakwenda kutafuta gunia.

"Ngojeni," ilisema sauti upande wa akina mama. Alikuwa Mama Sekela. Alikwenda mbele, akamchukulia Bibi kitabu mikononi, akakishika kikiwa kimemwelekea yeye, akasimama akitazamana na Bibi kama walivyokaa mikekani.

"Soma, dada."

Bibi aliendelea pale alipoishia. Mama Sekela alifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akiitikia kwa kichwa, mpaka somo likaisha.

"Kitabu mlinipa mimi," aliwaambia watu. "Nimekishika upande wangu siku zote, mwenzangu akasomea upande wa pili. Angehamaje, na paka amelala? Nami ndiye niliyemsema vibaya. Mnisamehe."

Mtu mmoja alicheka, kisha kanisa zima. Mzee wa kanisa alijificha kwenye kikohozi, akatuma wale vijana waitwe. Jioni Mama Sekela alileta dagaa za Jivu, akaziweka mlangoni na kurudi nyuma haraka.

Mwalimu alijaribu kumzoesha Bibi kushika kitabu kama watu wengine. Bibi akamwambia macho yake yameshaijua njia yake, asiyachanganye. Mwaka uliofuata akaanza kunifundisha mimi. Tuliketi tukitazamana, Jivu mapajani mwake, kitabu katikati, kimenielekea mimi. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyosoma. Nilipokwenda kuanza shule Iringa, nilishangaa kumwona mwalimu akikigeuzia kitabu kwake kila alipotaka kutusomea.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina paka wangu, na ninapoandika haya amelala mapajani na chai imepoa mezani. Kama heri huondoka na paka, sijui. Ninachojua ni kwamba Bibi hakutaka kumsumbua kiumbe aliyelala, na kwa ajili hiyo akawa mkubwa pekee katika utoto wangu ambaye hakuhitaji kuninyang'anya kitabu ili anisomee.