Feni Inayoishiwa Chaji

Hivi wewe, umewahi kuliona kosa la mwenzako likakukodolea macho, ukalinyamazia kwa sababu ulitaka aanguke? Usijibu haraka. Kamusi naye angekukatalia mpaka mishipa ya shingo imtoke, maana alijiona mtu wa haki. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwahubiria wenzake kwamba neno lililotafsiriwa vibaya ni uongo, na anayeliachia lipite huku anajua ni mwongo mara mbili.

Jina alilopewa na wazazi wake, ofisini walikwisha kulisahau. Walimwita Kamusi, na aliitika kwa raha. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na kazi yao ilikuwa kuchukua makaratasi ya viwanda yaliyoandikwa Kifaransa na kuyageuza Kiingereza. Walianza na pampu na mashine za kufulia. Mwaka uliopita zikaja feni za nyumbani, zile zinazofungwa darini zikavuta hewa chafu ya bafuni na jikoni kupitia mabomba na kuitupa nje.

Watu hudhani hiyo ni kazi ya kukaa kitini na kuchapa. Wanajidanganya. Fundi wa Kifaransa husema feni "inanyonya" umeme, kama mtoto anyonyavyo ziwa. Kwa mhandisi wa Kiingereza umeme huingia tu kwenye mashine, kama mtu anayeingia kwake. Tundu la ukutani linalovuta hewa, Mfaransa analiita mdomo, na ole wako uandike mdomo kwa Kiingereza: mnunuzi atauliza una meno mangapi. Wati nazo zina matabaka. Ziko wati za feni ikiwa mbio, na ziko wati za wastani wa mwaka mzima. Ukizichanganya hizo mbili, familia fulani usiyoijua itanunua feni inayokula umeme ikidhani imepata inayoonja.

Yote hayo Kamusi aliyaweka kwenye kadi. Kulikuwa na kabati dogo la mbao lenye droo sita, kila neno na kadi yake: Kifaransa juu, Kiingereza chini, na kwenye kona herufi ya aliyeiandika. Katika kila kadi kumi, tisa zilikuwa na K. Droo ya nne ilikuwa na ukorofi wa kukwama. Ilibidi uinyanyue kidogo ndipo uisukume, na siri hiyo aliijua yeye peke yake. "Kamusi, njoo utufungie droo yako!" wenzake walipiga kelele, naye aliinuka polepole kama daktari anayeitwa kwa mgonjwa mahututi.

Halafu akaja Mgeni.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, na jina hilo lilimganda ingawa alikuwa na mwaka na nusu pale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu alikuja, mwenyeji akaanza kuugua. Mgeni alizungumza na wateja wa Kifaransa kwenye simu huku anacheka, na wao wakacheka. Kamusi alikisoma Kifaransa kama hakimu asomavyo hukumu, lakini simu ikilia alijifanya anatafuta kalamu. Wateja wakaanza kuandika, "Tafadhali apewe yule dada." Yule dada! Hata mmea alioweka dirishani ulichipua, huku ule wa Kamusi, udongo ule ule, maji yale yale, ukinyauka. Na alimwita Kamusi "mzee". Kwa heshima, bila shaka. Lakini Kamusi alikuwa na miaka arobaini na sita, na kila "shikamoo, mzee" ilimwingia kama mwiba wa samaki.

Siku moja Bosi, mama mwenye sauti ndogo ambaye hakuwahi kuhitaji kubwa, aliwaita wote wawili.

"Kiwanda cha feni kinatupa kazi zake zote," alisema. "Nahitaji mhariri mkuu. Mmoja. Kurasa hizi arobaini za matumizi ya umeme mnagawana, ishirini kwa ishirini. Kila mtu awe jicho la pili la mwenzake. Ijumaa saa tatu asubuhi zinaondoka, na mimi nitaamua kwa nitakachokisoma."

"Na ile meza tupu ya dirishani?" Mgeni aliuliza.

"Ya mhariri mkuu."

"Basi mzee, anza kumzoesha yule marehemu wako jua," Mgeni alimwambia Kamusi, akionyesha mmea wake. Bosi akacheka. Kamusi naye akacheka, kwa sauti kuliko yeye.

Jicho la pili ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi: karatasi haitoki mpaka mtu mwingine aisome na kuandika chini, "Nimesoma". Ila kila mmoja alijua kwamba mambo yakiharibika, anayelaumiwa ni mkono ulioandika. Jicho husamehewa, jicho huchoka.

Alhamisi alasiri Kamusi akazisoma kurasa za Mgeni. Alizisoma akitafuta uchafu kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati. Hakuupata. Sentensi zilikuwa safi, zinatembea. Wati za wastani zilikaa mahali pake na za mbio mahali pake. Kuna pahali Mgeni alipata neno ambalo Kamusi mwenyewe alilitafuta miaka mitatu, na alipoliona alihisi kama ameibiwa kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Kwenye ukurasa wa tisa akakutana nalo.

Wafaransa wana msemo wao, perte de charge. Asiyejua mambo ya hewa ataona "kupotea kwa chaji", na ndivyo Mgeni alivyoandika kwa Kiingereza. Lakini hapo hapana chaji wala betri. Miaka sita nyuma fundi wa mabomba alimfundisha Kamusi kwa mrija wa soda. "Pulizia mrija ulionyooka," alimwambia. "Haya, ukunje sasa, pulizia tena. Umesikia? Kinachopotea ndicho hicho, msukumo." Hewa ikipita kwenye bomba refu lenye kona, msukumo wake hupungua, na feni inalazimika kula wati zaidi ili kuufidia. Hiyo ndiyo safu ambayo mnunuzi makini huisoma kwanza. Na Mgeni alikuwa ameigeuza feni kuwa simu ya mkononi! Mara kumi na moja, katika kurasa ishirini, feni za watu ziliishiwa chaji.

Kamusi aliweka kalamu chini. Alijua kabisa: mtu ataisoma safu ile, ataona haimhusu maana feni yake haina betri, atafunga bomba lenye kona nne, na hewa itabaki ndani. Ukuta utaota ukungu. Watoto watakohoa.

Alijua pia kwamba Bosi, ambaye mumewe alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, angeliona kosa hilo kabla hajamaliza chai yake.

Akashika kalamu tena. Akaandika, "Nimesoma". 

Mgeni alikuwa anafunga mkoba wake. "Umeona kitu, mzee?"

"Nukta mbili tatu. Nimezirekebisha."

"Ah, afadhali!" Alishusha pumzi kweli kweli. "Unajua lile la chaji lilininyima raha? Nikasema hapana, feni na chaji wapi na wapi? Nikaenda kwenye droo yako, nikaona umeliandika wewe. Nikatulia. Nikasema, kama K amesema, mimi nani?"

Akamuaga, akashuka ngazi mbili mbili.

Ofisi ilipobaki tupu Kamusi alikwenda kwenye kabati, akainyanyua droo ya nne, akaivuta. Kadi ilikuwa hapo, imekuwa ya manjano pembeni. Perte de charge. Chini yake, kwa ule mwandiko wa madoido aliokuwa nao mwaka wake wa kwanza kazini, Kiingereza cha "kupotea kwa chaji". Kwenye kona, K.

Alikuwa amelisahau. Alipofundishwa na yule fundi, alilisahihisha kichwani, na tangu hapo akaandika sawa kwenye kazi zake mwenyewe. Kadi hakuigusa. Kwa nini aiguse? Kichwa kilikuwa chake, na wengine wakitaka si watamwita?

Dawa ilikuwa nyepesi: kurasa zilikuwa mezani, makosa kumi na moja tu, kalamu ipo. Lakini Bosi angeuliza kosa lilianzia wapi, na Mgeni angeonyesha kadi. Kamusi akaichomoa, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaisukuma droo, akafunga mlango.

Nyumbani, mkewe alikuwa kwenye cherehani akipinda suruali za sare za shule.

"Leo kafanya nini huyo binti?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nani kamtaja?"

"Jana ulimtaja mara nane kabla hujavua viatu. Leo umekaa kimya. Nimeona nikusaidie."

"Ana kiburi."

"Jana ulisema anajipendekeza. Chagua moja, baba watoto, nijue namna ya kumchukia." Alikata uzi kwa meno. "Vua hilo shati, nataka kufua."

Akalivua bila kufikiri. Mkewe akapapasa mfuko, kama kawaida yake, akaibuka na kadi. Akaisogeza kwenye taa ya cherehani.

"Huu si mwandiko wako?"

"Wa zamani."

"Sasa mbona umeificha kama barua ya hawara?"

Ndipo akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akijitetea kabla hajashtakiwa. Mkewe alisikiliza mpaka akamaliza, mguu umetulia juu ya kanyagio.

"Ingekuwa ya hawara ningelala vizuri zaidi," alisema. "Mtoto wa watu amekuamini, ndiyo sababu atafukuzwa?"

"Hatafukuzwa. Atakosa nafasi tu."

"Ambayo utaipata wewe."

"Nimeifanyia kazi miaka kumi na saba!"

"Sijakataa." Aliiweka kadi juu ya meza, akaichapa kwa kidole. "Kesho uirudishe. Ila swali langu ni moja: utairudisha kama ilivyo, au utairudisha umeisahihisha?"

Kamusi akaichukua kadi. Cherehani ikaanza kulia tena.

Ijumaa aliondoka mapema, kadi mfukoni. Tusimsingizie wema: hata alipofika kwenye ngazi za duka la vioo hakuwa ameamua. Ngazi moja alikuwa anakwenda kusahihisha makosa yote kumi na moja na kusema ukweli. Ngazi ya pili alikuwa anakwenda kukaa mezani pake na kusubiri saa tatu. Na katikati ya hizo mbili aliwaza kitu kimoja tu, kwamba akisema ukweli, meza ya dirishani imekwenda.

Mlango wa ofisi ulikuwa nusu wazi, na taa inawaka. Akasimama.

Mgeni alikuwa ndani, na nguo za jana. Kurasa zake zilitapakaa mezani, zimechorwa wino mwekundu. Bosi alisimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi.

"Ulijuaje?" Bosi alikuwa anauliza.

"Nilikuwa nasuka nywele jana jioni, nikakumbuka safu ile iko kwa paskali. Paskali inapima msukumo. Chaji gani inapimwa kwa paskali? Nikaacha nywele nusu, angalia." Kweli, upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, wa pili umesimama. "Nikakimbilia hapa, mlinzi akanifungulia."

"Mara kumi na moja. Ulilitoa wapi kosa lenyewe?"

Mgeni aligeuka kuitazama droo ya nne. Ilikuwa imevutwa wazi, na kati ya kadi zilizobanana kulikuwa na pengo jembamba, upana wa kadi moja. Aliliangalia pengo hilo kwa muda. Kisha akaangalia kitabu cha zamu ukutani, mahali anapotia sahihi mtu wa mwisho kufunga ofisi. Kamusi, pale mlangoni, alijua Mgeni ameona nini: K.

"Kichwani mwangu," Mgeni alisema.

"Na jicho la pili?"

"Jicho lilichoka, mama."

Bosi alinywa chai, naye akalitazama pengo lile lile. "Hm," alisema, na kwa mtu wa sauti ndogo kama yeye, hilo lilikuwa neno refu. Akaingia chumbani kwake.

Nje ya mlango, Kamusi aliona wivu kuliko siku zote za mwaka na nusu ule. Kifaransa cha simu angeweza kumsamehe. Mmea angeweza kumsamehe. Hili la kumfichia mtu aibu yake, bila kuombwa na bila shahidi, alilitaka liwe lake, na lilikuwa limekwisha kuchukuliwa.

Mgeni alichukua kadi mpya, nyeupe. Akaandika Kifaransa juu, Kiingereza chini, polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Kwenye kona kalamu ilisita. Kisha akaandika M. Akaipachika kadi kwenye pengo, akaweka kiganja chini ya droo ya nne, akainyanyua kidogo, na kuisukuma. Ikafunga bila kelele.